Karatasi Safi za Mama Upendo

Achieng, kiti changu sasa ni chako, na kitabu cha maelekezo nimekuachia kwenye droo ya juu, kushoto. Kimeandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka na kila kanuni ina namba yake. Lakini juzi ulinipigia simu ukaniuliza, "Auntie, kwani hii kazi ni kukagua majina tu?" Nilicheka, halafu baada ya kukata simu nikaona kicheko si jibu. Ndiyo maana nimekaa hapa dirishani na kalamu, niwaandikie wewe na wale wenzako wawili wa kwetu mlioajiriwa bungeni baada yangu. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu jambo kubwa la kazi ile lilinipata kwa Kiswahili. Ya mshahara na vyeo sitayagusa. Mshahara mnaujua, na vyeo vyangu havikuwahi kumnyima mtu usingizi.

Kabla ya kuja huku nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi ya wilaya, mkoa wa Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu barua za wakubwa, na amri ya kwanza kwetu ilikuwa barua isiwe na doa wala kosa. Ukikosea herufi moja mstari wa mwisho, unachomoa karatasi unaanza upya. Mwananchi akija na ombi lake kwenye karatasi ya daftari, lina alama za vidole, tulimwambia akatafute mtu wa kumwandikia vizuri. Hatukuwa na ubaya naye. Tuliamini kabisa kwamba karatasi chafu inamvunjia heshima anayeipokea.

Toronto ilinipokea kwa mlango mwingine. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala moja Rexdale, karibu na uwanja wa ndege, natoka nyumbani alfajiri na basi la barabara ya Kipling nikiwa nimevaa viatu vyenye chuma kidoleni. Mgongo ulipoanza kunisemesha, nikajiandikisha kwa wakala wa kazi za ofisini. Wakala akanipeleka kwenye bunge la jimbo kwa wiki mbili tu, kupanga majalada ya dada mmoja aliyekwenda likizo ya uzazi. Sijui yule dada alijifungua watoto wangapi, maana hakurudi, na mimi sikuondoka.

Siku ya kwanza nilipotea mara tatu. Lile jengo la mawe mekundu lina ngazi zinazokupandisha halafu zikakurudisha ulikotoka. Nikiwa kwenye korido na majalada mikononi nikasikia mtu akitoa amri, na watu wote wakasogea ukutani. Spika alikuwa anapita na msafara wake, mbele yake Mpambe wa Bunge amebeba siwa, lile rungu la heshima, begani. Mimi nikasimama wima, mikono ubavuni, kama tulivyozoea mkuu wa mkoa akipita. Majalada yakamwagika sakafuni yote. Msafara ukapita katikati ya karatasi zangu bila hata mmoja kutazama chini.

Aliyeinama kuniokotea alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Huyo ndiye Bi Eleanor, msimamizi wa dawati la maombi ya wananchi. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha polepole, "Hapa karatasi ndizo za kushika kwanza. Spika anajua kutembea mwenyewe." Wiki iliyofuata alinihamishia kwenye dawati lake, akidai kwamba mtu anayeheshimu kupita kiasi hufundishika, ila yule asiyeheshimu kitu ni wa kurudishwa kwa wakala.

Yeye ndiye aliyenifundisha jinsi siku ya bunge inavyokwenda. Nyinyi mnaijua, lakini niacheni niipitie, kwa ajili ya wengine watakaosoma. Saa tatu asubuhi kikao kinafunguliwa. Asubuhi ni mjadala, kisha maswali kwa mawaziri, na hapo ndipo penye kelele na kamera, na wageni wamejaa kwenye jukwaa la juu. Mchana kelele zinakwisha, zinaingia shughuli za kila siku. Taarifa za kamati zinawekwa mezani, miswada inasomwa mara ya kwanza kwa kutajwa jina, waziri mwenye kauli anaitoa, halafu inatengwa robo saa ya maombi ya wananchi. Mbunge anasimama, anasoma karatasi iliyotoka kwa watu wake, anaitia sahihi, inapelekwa mezani. Serikali inahesabiwa siku zake, na siku hizo zikifika lazima iwe imejibu kwa maandishi. Wabunge wengi saa hiyo wako chakulani, na waliobaki wanasoma simu zao. Mkate wangu nimeula kutokana na robo saa hiyo.

Hakuna karatasi inayosomwa mle ndani bila kupita kwanza kwenye dawati letu. Tunatazama iwe imeelekezwa kwa Bunge, iombe jambo ambalo Bunge lina uwezo nalo, isimtukane mtu. Maneno ya ombi yawe juu ya kila ukurasa wenye majina, asije mtu akasema alitia sahihi kitu ambacho hakukiona. Na sahihi ziwe za wenyewe, kwa mkono wa kila mmoja. Fotokopi haipiti. Jina ulilomsainia jirani halipiti, hata kama jirani mwenyewe ndiye aliyekutuma. Wingi wa watu si hoja kwetu, ombi la watu elfu na ombi la watu watano hukaa kwenye trei moja.

Bi Eleanor hakuyaamini macho yake kwa sahihi. Aliigeuza karatasi, akafumba macho, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake taratibu, toka mstari wa juu hadi wa chini. Kila mtu hukandamiza kalamu kwa namna yake, alisema. Watu hamsini wakiandika, mgongo wa karatasi huwa na vilima na mabonde. Mtu mmoja akiandika majina hamsini, huwa sawasawa ukurasa mzima. Nilidhani ananitania mgeni. Ilinichukua miezi kidole changu kuanza kusikia, na kilipoanza hakikunyamaza. Hata kadi za michango ya harusi zikija nyumbani, nilikuwa nazigeuza.

Alipostaafu aliniachia rula ya mbao na dawati lenye droo isiyofunga, nikaanza kupambana na karatasi peke yangu. Mengi yalipita. Watu wa kijiji kimoja cha kaskazini walileta ombi la barabara limeandikwa nyuma ya karatasi ya kupambia ukuta, ikabidi tulikunjue koridoni. Likapita. Bwana mmoja alisaini mara kumi na moja kwa kalamu za rangi zote, na watu wote aliowabuni akawapa nyumba moja ya kuishi. Nilimfutia kumi, nikamwachia mmoja. Mama mmoja alileta ombi lenye sahihi moja tu, yake, akitaka ofisi ya leseni ya mtaani kwake iwekewe mlango unaopitisha kiti cha magurudumu cha mwanawe. Mbunge alilisoma kwa sauti ileile aliyosomea ya watu elfu. Siku ile nilijisikia vizuri kurudi nyumbani.

Sasa nije kwa Mama Upendo, maana yeye ndiye jibu la swali lako, Achieng.

Mama Upendo ni katibu wa chama chetu cha kusaidiana, Watanzania na Wakenya wa upande ule wa Rexdale. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Iringa, huku akaingia kazi ya uuguzi, lakini mwandiko wake ni wa ubaoni mpaka leo. Anaishi ghorofa ya nne ya jengo moja refu la kupanga. Ghorofa ya kumi na moja ya jengo hilohilo anaishi Mzee Mutua, Mkamba wa Machakos, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu na kufiwa na mkewe. Figo zake zimechoka. Mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, lazima aende hospitali kusafishwa damu.

Jengo lina lifti mbili, na mwaka ule zilikuwa zikiharibika kwa zamu, wakati mwingine kwa pamoja. Zikilala zote mbili, vijana wa chama walimkalisha Mzee kwenye kiti cha jikoni, wakamshusha ngazi zote zile, na baadaye wakampandisha hivyohivyo. Siku ambazo vijana walikuwa kazini, hakwenda. Akikosa mara mbili miguu inavimba, viatu vinamkataa, pumzi inakuwa ya kuhesabu. Sote tulijua mwisho wake ungekuwa nini.

Chama kikakaa kikao. Mimi sikuwepo, na kwa kazi yangu nilikuwa nakwepa vikao vya namna hiyo. Wakaamua liandikwe ombi kwa Bunge, kwamba wazee wanaokaa juu kwenye majengo kama yale wapewe nafasi za haraka katika nyumba za kutunzia wazee, na nakala ya ombi iambatanishwe na fomu ambayo chama kilikuwa kimeshamjazia Mzee Mutua ya kuomba kitanda huko. Kila mtu alisema ni wazo zuri. Mbunge wao, mama mmoja kijana na mchapakazi, akakubali kulisoma Alhamisi, siku ya mwisho kabla Bunge halijakwenda mapumziko marefu ya kiangazi.

Jumanne mchana Mama Upendo akatokea dawatini kwangu na kitenge chake cha mikutano, amekumbatia bahasha ya kaki. Kwa kawaida karatasi huletwa na ofisi ya mbunge.

"Shikamoo, dada Zainabu. Nimeona nikupitishie wewe kwanza, usije ukasema hatukukuheshimu."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Tuone mmeleta nini."

Zilikuwa kurasa kumi na mbili. Miaka yote niliyokaa pale sijapata kuona ombi zuri namna ile. Mistari imepigwa kwa rula, majina yamefuata alfabeti isipokuwa la kwanza kabisa, hakuna doa wala mkunjo. Niliingiwa na shaka kabla hata sijaigeuza karatasi. Niligeuza. Kidole kikateremka ukurasa mzima bila kukutana na kitu.

"Mwalimu, nani ameandika haya?"

"Mimi mwenyewe!" Alinijibu kwa furaha. "Siku tatu, nikitoka kazini. Zile za kwanza zilizungushwa kanisani, zikaenda msikitini, zikapita kwenye msiba wa kina Baraka. Zikarudi zina mafuta ya maandazi, mtoto kachora gari, wengine wameandika kwa penseli. Ningepelekaje uchafu ule serikalini?"

"Na sahihi je?"

"Nimezifuatisha, kila mmoja kama alivyosaini. Ona hii ya mchungaji, niliijaribu pembeni mara nne mpaka ikakaa."

"Zile chafu ziko wapi?"

"Nilizitupa, dada. Za nini tena?"

Niliumia, wala sifichi. Yule mama hakughushi kitu. Alifanya kile ambacho mimi mwenyewe, kule Morogoro, nilikuwa nikiwarudisha watu nyumbani wakafanye. Nyuma ya kila jina alikuwepo mtu wa kweli aliyeshika kalamu kanisani au msibani. Na katika jengo zima hapakuwa na mwingine anayepapasa migongo ya karatasi. Nilifungua droo, nikatoa muhuri, nikafunua pedi ya wino. Nawaambia kwa sababu mtakuja kufunua na nyinyi.

Nilipokuwa natafuta mahali pa kugonga, macho yakaangukia lile jina la kwanza. Mutua, limeandikwa kwa madaha, na sahihi yenye mkia mrefu.

"Mzee alisaini hii lini?"

"Mzee hakusaini. Ni mgonjwa, dada, atasumbuliwaje na makaratasi? Hiyo nimemwekea mimi, kwa niaba yake."

"Lakini mmemwambia mnaomba nini?"

Mama Upendo akanitazama kwa mshangao kabisa. "Si ni kwa faida yake?"

Nikafunika pedi. Nikamweleza kwa upole, kadiri nilivyoweza, kwamba hazipiti, kurasa zote kumi na mbili. Kwamba sahihi kumi za wenyewe, hata zikiwa na mafuta, zinapita. Nikampa kurasa mpya zenye maneno juu na nafasi za majina chini. Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mzee atafia ngazini kwa ajili ya mwandiko," akasema. "Zainabu, wewe ni mtu wa kwetu au wa kwao?"

Aliondoka bila kuaga, na ile "dada" alikuwa ameshaiacha. Jioni ile mume wangu alipika, na bado sikuweza kula.

Jumatano asubuhi, haya nimeyapata kwake mwenyewe baadaye, Mama Upendo aliomba ruhusa kazini akasimama mlangoni mwa jengo lao na zile kurasa mpya. Waliokuwa wakitoka kwenda kazini walisaini, akapata zaidi ya thelathini. Halafu akakumbuka swali langu kuhusu Mzee. Lifti zote mbili zilikuwa zimelala. Akapanda kwa miguu, akipumzika kila baada ya ghorofa mbili, na umri wake si wa kupandisha ngazi.

Karibu saa sita simu ya dawatini ikalia.

"Niko kwa Mzee," Mama Upendo akasema, pumzi bado haijatulia. "Nimemsomea. Amekataa. Anasema mpaka aongee na mtu wa serikali. Haya, mwambie wewe."

Nikasikia simu ikihamishwa mkono.

"Wewe ndiye wa serikali?"

"Mimi ni karani wa bunge, Mzee. Naitwa Zainabu. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nisikize. Huyu mama amenisomea hii karatasi, inasema mimi nitolewe hapa nipelekwe nyumba ya wazee. Nani aliwaambia mimi nataka kutoka? Bibi yangu alikufia kwa hii nyumba. Jirani wa hapa huniletea sahani ya githeri. Yule kijana wa pale mbele hunipangia dawa. Huko mnataka kunipeleka ni wapi?"

"Huwa wanakupeleka penye kitanda, Mzee."

"Inaweza kuwa mbali?"

"Inaweza."

"Mji mwingine?"

"Hata mji mwingine."

"Mimi shida yangu ni lifti," akasema. "Lifti tu. Hiyo lifti ikienda, mimi sina maneno na mtu. Kwa nini hamuombi hiyo?"

Karani wa dawati letu hamwambii mwananchi aombe nini. Iko kwenye kitabu, na nakushauri uifuate, Achieng, hata siku ambayo ulimi utakuwasha. Nilimwambia yaliyoandikwa tu. Kwamba ombi linaweza kuandikwa upya. Kwamba usalama na matengenezo ya lifti ni mambo ambayo sheria zake zinatungwa na bunge la jimbo, kwa hiyo yanaombeka. Na kwamba maneno yakibadilika, kila aliyesaini maneno ya zamani hahesabiki tena, hadi asaini mapya. Mzee alikuwa ameshika simu mbali kidogo na sikio, kwa hiyo Mama Upendo alisikia yote.

"Zote zile za asubuhi?" akauliza kwa mbali.

"Zote, mwalimu."

Nilisubiri aikate ile simu kwa hasira, na angekuwa na haki yake. Badala yake nikasikia kiti kikivutwa sakafuni, na kalamu ikifunguliwa.

"Haya, Mzee," nikamsikia akisema. "Sema mwenyewe unataka iandikweje."

Alhamisi saa sita kasoro robo alikuwa dawatini. Mwisho wa kupokea ulikuwa saa sita. Mbunge wao alikuwa ameshaambiwa kuhusu mabadiliko, naye hakuwa na pingamizi. Safari hii hapakuwa na bahasha. Karatasi zilikuwa mbili, moja na nusu zenye majina, zimekunjwa mfukoni mwa koti lake la kazini, la uuguzi. Watu ishirini na watatu. Duara la kikombe cha chai katikati ya ukurasa wa kwanza. Mmoja alikuwa amesaini akiegemea ukuta wa ngazi, mstari wake umepanda mlima. Maneno ya ombi yalikuwa mafupi kuliko ya mwanzo, nusu yake: lifti za majengo marefu ya kupanga zitengenezwe ndani ya muda unaojulikana, na mwenye jengo asiyetengeneza awajibishwe.

Jina la kwanza lilikuwa la Mzee Mutua. Sahihi yake ilitetemeka, ikajaza mistari miwili, ikamwagikia mpaka kwenye nafasi ya anwani. Niligeuza karatasi. Pale alipoandika yeye, kalamu ilikuwa karibu itoboe. Mikono iliyoshika vyuma maisha yake yote haikufundishwa kushika kalamu kwa upole. Chini yake vilifuata vilima na mabonde ishirini na mawili. Nikagonga muhuri.

Mchana nilikaa kwenye kile kiti chetu cha nyuma ya meza. Mama Upendo alikuwa jukwaani juu, peke yake kwenye safu nzima. Taarifa mbili za kamati zikawekwa mezani. Muswada mmoja ukatajwa jina. Waziri hakuwa na kauli. Robo saa ya maombi ikafika, na mbunge wao alikuwa wa tatu kusimama. Alisoma vizuri, bila haraka. Waziri mmoja aliinua kichwa liliposomwa neno lifti, akamwandikia msaidizi wake kitu, au pengine aliandika orodha yake ya sokoni, siwezi kuapa. Mbunge akatia sahihi, karatasi ikaenda mezani, akasimama mwingine kusoma habari za mabasi ya shule.

Nilimkuta Mama Upendo koridoni, kwenye benchi, amevua viatu.

"Ndiyo basi?" akaniuliza.

"Ndiyo basi."

"Ile dakika moja?"

"Na kidogo."

Nikakaa karibu naye. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa zile ngazi za siku mbili. Wafanyakazi walikuwa wakipita na majalada.

"Miaka ishirini nimefundisha watoto wa watu," akasema mwishowe, "usichukue kitu cha mwenzako bila kumuuliza. Halafu mimi nikachukua mpaka jina la mzee wa watu."

"Na mimi nilikuwa nimeshafunua pedi ya wino," nikamwambia.

Alinigeukia akanitazama sana. Kisha akaniegemea begani. "Dada," akasema, "nina njaa." Tukaenda kula.

Jibu la serikali lilikuja Bunge liliporudi. Nusu ukurasa, shukrani mwanzoni na mwishoni, katikati maneno kuhusu wakaguzi. Wakati huo lifti moja ya jengo lao ilikuwa imeshatengenezwa, na ya pili ilikuwa bado. Msije mkamwambia mwananchi kwamba karatasi ilitengeneza lifti. Mimi sijui, na nimeulizwa mara nyingi. Labda ni mkaguzi, labda mwenye jengo alichoka kupigiwa simu na ofisi ya mbunge. Ninachokijua ni kwamba ile fomu ya kitanda cha nyumba ya wazee, Mama Upendo alikwenda mwenyewe akaiondoa.

Baridi iliyofuata nilistaafu. Jumamosi moja nikaenda kumtembelea Mama Upendo, naye akashuka kunipokea mlangoni. Tulikuwa tunasubiri lifti pale chini ilipofunguka, akatoka mzee mwembamba, kofia ya sufu kichwani, fimbo mkono mmoja na mkoba wa hospitali mkono wa pili. Alikuwa peke yake. Hatukuwahi kuonana, lakini nilimjua kwa sauti alipotusalimu.

"Mzee," Mama Upendo akasema, "huyu ndiye Zainabu wa bungeni."

Gari la kumpeleka hospitali lilipiga honi nje. Hakuharakisha. Aliuweka mkoba chini, akanitazama toka juu hadi chini.

"Ni wewe ulikataa ile karatasi ya kwanza?"

"Ni mimi, Mzee."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na bado ilikuwa na nguvu.

"Asante, mama," akasema. "Ungeipokea, wangenihamisha kwa sahihi yangu mwenyewe."